Digidigi na Viti vya Kiboko

"Waliokuja wamefika?"

"Tumefika!"

"Na masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo, na tumeyaosha!"

"Basi yategeni, maana ngano yangu ni ndogo na inapita upesi."

Nawe uliye mlangoni, ama uingie ama utoke, unaniletea vumbi. Haya.

Hapo kale, si kale sana, kompyuta zilikuwa zimeshazaliwa, wanyama walijenga chuo kikuu. Tembo alisukuma mawe, mchwa wakafinyanga udongo, ndege wakaezeka paa. Wakakiita Chuo Kikuu cha Nyikani. Ndani yake kulikuwa na chumba kimoja cha kompyuta, na kompyuta zile zilikuwa za wote. Hazikuwa za Simba, hazikuwa za Swala. Za wote. Ukutani zilibandikwa kanuni: kila mtu akae saa moja kisha ampishe mwenzake, chakula na vinywaji viishie mlangoni, neno lako la siri usimpe hata nduguyo, na kompyuta ni za masomo tu.

Mtunza chumba alikuwa Bi Kanga, na madoadoa yake na sauti yake. Alikaa juu ya stuli karibu na mlango. Akimwona mtu anatafuna, hata kama anatafuna ulimi wake mwenyewe, alipiga kelele: "Keke-keke-keke! Nje!"

Sasa chumba kile kilikuwa na desturi yake. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua. Ukitaka kuinuka kidogo ukamwulize mwenzako jambo, au ukachukue karatasi zako kwenye mashine ya kuchapa, uliacha kitu chako kitini. Kofia, kitabu, hata kiatu. Kitu kikikaa kitini, kiti kina mwenyewe, na hakuna wa kukigusa, mradi mwenyewe yumo chumbani. Akivuka mlango tu, Bi Kanga anakusanya vitu vyake na kuvitupa uani, pu! Ilikuwa desturi nzuri ya watu wanaoaminiana.

Ndipo akaja Kiboko.

Kiboko alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na huo mwaka wa tatu alikuwa ameukalia muda mrefu. Asubuhi aliingia wa kwanza. Anaweka begi kiti hiki cha safu ya kwanza, pu! Anaweka mwavuli kiti kile, pu! Mwenyewe anakaa viti viwili, maana kimoja hakikumtosha. Kisha anawasha kompyuta zote hizo, anaanza kupakua sinema. Yeye anapakua sinema, begi linapakua sinema, mwavuli unapakua sinema. Sinema za nini? Hakuna aliyejua, maana mgongo wake ulifunika kila kitu.

Saa ikiisha, Bi Kanga anasema, "Kiboko, saa yako imekwisha."

Kiboko anainuka, anakaa penye begi. Begi analiweka alipokuwa amekaa. "Mimi ndiyo kwanza nimefika," anasema, na saa yake inaanza upya.

Mtandao wa chuo ulikuwa mwembamba, nao wote ukawa unaingia kwa Kiboko. Waliopata kompyuta za safu ya pili walibaki kutazama kile kiduara kinachozunguka. Kinazunguka, kinazunguka, hakifiki.

Mtaniuliza, Kiboko aliwezaje kushinda nchi kavu kutwa nzima? Ngozi yake si inakauka? Inakauka, ndiyo. Lakini alikuwa na taulo. Kila asubuhi alilichovya mtoni, akajifunika mgongoni, akaja nalo likichuruzika. Bi Kanga alitaka kulizuia. Kiboko akamwonyesha kanuni ukutani: "Imesema chakula na vinywaji. Hili ni taulo." Bi Kanga akasoma, akasoma tena, akarudi kwenye stuli yake amenuna.

Basi. Katika chuo hicho alikuwemo Digidigi. Mnamjua Digidigi, kapaa kadogo, miguu njiti, pua inayotikisika muda wote. Alikuwa ameondoka kwao Vichakani kuja kusoma, na alikuwa amemwacha mwanawe, Masika, kwa bibi yake. Alimwacha akiwa bado hawezi kuruka kisiki.

Niseme wazi, Digidigi alikuwa na hamu ya mwanawe mpaka ilikuwa inamtia homa. Mwalimu anasema mbele, yeye anasikia vikwato vidogo. Akilala, anajikunja kando ya kitanda, anaacha nafasi ya mtu ambaye hayupo. Maziwa yalikuwa yameshakauka zamani, lakini kila jua likiinama kifua kilimuuma, saa ileile aliyokuwa akinyonyesha. Alikuwa anasoma vizuri, alama zake nzuri, na kila alipopewa alama nzuri alitaka kumwonyesha mtu asiyejua hata kusoma.

Kule kwao, siku ya gulio, Kicheche alikuwa na kibanda chenye kompyuta. Bibi alimbeba Masika mpaka gulioni, wakakaa mbele ya kioo wakingoja mama atokee. Na Digidigi siku hiyo alikwenda chumba cha kompyuta. Anafanya nini Digidigi? Anatazama kiduara. Kinazunguka, kinazunguka, hakifiki. Bibi na mjukuu wanatazama kioo cheusi mpaka gulio linavunjika, kisha wanarudi kwa miguu. Gulio moja likapita hivyo, na jingine, na jingine.

Siku moja Mbayuwayu akatua dirishani na salamu kutoka Vichakani.

"Bibi anasema hivi," akasema Mbayuwayu. "Masika ameanza kumwita mama yake mdogo mama. Kesho ni gulio. Atamleta jua likiwa utosini. Asipokuona kesho hatamleta tena, kwa sababu mtoto anachoka na njiani kuna chui."

"Amesema hivyo hivyo? Anamwita mama?"

"Hivyo hivyo, dada. Mimi ni mleta salamu tu."

Digidigi hakula siku ile. Aliyewahi kuacha mtoto atajua, na ambaye hajawahi asiombe kujua.

Kulipokucha akaenda chumba cha kompyuta. Akamkuta nani? Kiboko. Amejaa kama pipa, taulo mgongoni, linachuruzika, to, to, to.

"Shikamoo, kaka Kiboko."

"Marahaba. Nini?"

"Naomba kiti hiki, kaka, kwa kitambo kidogo."

"Kina mwenyewe. Huoni begi?"

"Na kile?"

"Kina mwenyewe. Huoni mwavuli?"

"Basi simamisha hizo sinema kidogo mtandao upumue. Nina mtoto, kaka. Nataka anione tu."

Kiboko akapiga miayo, haaaa, meno yote nje. "Mtoto wako ni somo gani? Kanuni ile pale ukutani, kasome. Kompyuta ni za masomo tu."

Na huku sinema zinaingia! Jamani, kuna viumbe wana ngozi nene, sisemi ya mgongoni.

Digidigi akatoka. Akaenda nyuma ya jengo, akalia. Alilia kidogo tu, maana jua lilikuwa linapanda na halimsubiri mtu. Akajifuta pua, akatazama miguu yake midogo, akafikiri, "Nguvu sina, sauti sina. Huyu nikimvuta hatoki. Nikimsukuma hatoki. Basi nimpe." Akarudi ndani anatabasamu.

"Kaka Kiboko," akamnong'oneza, "nilitaka kuondoka, lakini maneno niliyoyasikia huko nje yameniudhi."

"Maneno gani?"

"Wanasema chumba hiki si chako."

Kiboko akageuza shingo, na kugeuza shingo kwa Kiboko ni kazi. "Nani anasema?"

"Wanasema kama kingekuwa chako, mbona safu ya pili wamekaa wengine? Wanasema Kiboko ni mpangaji tu kama sisi."

"Mpangaji! Mimi!"

"Ndivyo wanavyosema. Mimi nikawaambia, Kiboko akitaka, chumba chote chake. Wakacheka."

Kiboko akapumua kwa pua, fuuu! Karatasi zikaruka. "Wamecheka?"

"Wamecheka mpaka wakashika mbavu. Kaka, kengele ya saa inakaribia kulia. Safu ya pili watainuka kupishana. Wewe nipe vitu vyako, usijichoshe, mimi nina mbio. Kabla hawajakaa, nitakuwa nimekushikia vyote."

"Chukua!" akasema Kiboko. "Chukua, mbio!"

Kengele ikalia, ngrii! Waliokaa wakainuka. Kabla waliosimama hawajakaa, Digidigi yuko hapo, miguu yake titititi!

"Kiti hiki, kaka?"

"Kofia yangu!"

Kofia, pu! Kiti kina mwenyewe.

"Na hiki?"

"Tai yangu!"

Tai, pu! Kiti kina mwenyewe.

"Na hiki?"

"Kiatu!"

"Na hiki?"

"Cha pili!"

"Na hiki?"

"Mkanda!"

Pu, pu, pu! Waliosimama wamebaki midomo wazi. Nyani, aliyekuwa anangoja tangu asubuhi achape kazi yake ya kuhitimu, akamshika Digidigi sikio.

"Wewe, umerogwa? Unamgawia huyu chumba kizima? Umetuuza!"

"Niachie sikio, kaka Nyani," akasema Digidigi. "Kaa chini usubiri. Na kaa karibu na mlango."

Kimebaki kiti kimoja. Kipo pembeni, safu ya pili. Digidigi akarudi kwa Kiboko anahema.

"Kaka, vyote tumeshika isipokuwa kimoja."

"Kiache hicho. Sina kitu tena."

"Nikiache? Akikaa Nyani pale, atatembea chuo kizima anasema chumba kile kina wenyewe wawili, mimi na Kiboko."

"Mimi na Nyani?" Macho ya Kiboko yakatoka. Akajipapasa. "Niweke suruali?"

"Hapana, kaka. Wewe ni mtu wa heshima."

"Sasa niweke nini?"

Digidigi akainamisha kichwa, akasema polepole, "Lipo taulo."

"Taulo? Na ngozi yangu?"

"Ni kweli, kaka. Basi tumwachie Nyani."

Kiboko akamtazama Nyani. Nyani naye, bila kujua lolote, alikuwa anajikuna kwapa huku anakiangalia kile kiti. Kwa Kiboko hilo lilitosha.

"Chukua taulo!"

Taulo, chwa! Kiti kina mwenyewe. Chumba chote cha Kiboko, mwanzo wake na mwisho wake. Kiboko akatanua kifua akacheka, ho-ho-ho, akasema, "Nani mpangaji sasa?"

"Hakuna, kaka," akasema Digidigi. Kisha akamgeukia Bi Kanga kwa adabu. "Mama, joto leo. Tuongezee feni."

Bi Kanga hakuwa mjinga. Alimtazama Digidigi, akalitazama taulo, akaunyanyua mguu wake mmoja na kuzungusha swichi mpaka mwisho. Vuuu! Vuuu! Vuuu!

Mwanzo Kiboko alisema, "Upepo mzuri." Baadaye akajikuna bega, kwaru. Baadaye akajikuna mgongo, kwaru-kwaru. Ngozi ikaanza kubana. Ikaanza kuwasha. Ikaanza kufanya nyufa.

"Digidigi, niletee taulo langu."

"Mara moja, kaka. Ila nikilitoa kitini, Nyani anakaa."

"Acha! Acha kwanza."

Kwaru-kwaru-kwaru!

"Digidigi, taulo!"

"Haya, kaka. Nimwambie Nyani akaribie?"

"Acha nimesema!"

Akajikuna kwenye meza. Akajikuna ukutani, kanuni zikadondoka. Jua likapanda, ngozi ikalia krr, krr, nacho kiti hakuachia hata kimoja. Mngemwona mngemhurumia, au mngecheka, sijui nyie roho zenu zikoje. Mwisho mwili ukamshinda. Kiboko akapiga ukelele, "Maji!" akainuka, akapita mlangoni na fremu yake, gudu-gudu-gudu-gudu, njia nzima vumbi, mpaka mtoni, chubwiii!

Bi Kanga akashuka kwenye stuli. "Mwenyewe amevuka mlango," akatangaza. Kofia uani, pu! Tai uani, pu! Viatu, mkanda, begi, mwavuli, taulo, pu-pu-pu! Wanyama wakaingia kwenye viti kama maji bondeni, Nyani wa kwanza.

Digidigi akaruka juu ya viti viwili vya Kiboko. Kioo kilikuwa bado kinawaka, na kwa mara ya kwanza mtu akaona sinema za Kiboko. Ulikuwa mto. Mto mpana wa maji ya kahawia, na viboko wamelala ubavu kwa ubavu, wakubwa na wadogo, hakuna anayezungumza. Kompyuta ya pili, mto uleule. Ya tatu, mto uleule. Chini kabisa paliandikwa jina la nchi ya mbali, kwao Kiboko.

Moyo ukamuuma Digidigi. Mto ule ulioko nyuma ya chuo unatosha ngozi, lakini kumbe mto aliokuwa na hamu nao haukuwa huo. Akasimama na kwato yake hewani. Kisha akaufunga, wa kwanza na wa pili na wa tatu, maana jua lilikuwa utosini na mtoto alikuwa anasubiri.

Mtandao ukarudi. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikafika.

Tuu, tuu, tuu.

Kipaji cha uso kikajaa kioo kizima.

"Haloo? Mbona sioni kitu?" Ilikuwa sauti ya Bibi.

"Mama, rudi nyuma! Naona paji lako tu!"

"Nani? Ni wewe, mwanangu? Umekonda!"

"Sijakonda, mama. Masika yuko wapi?"

"Yupo hapa, kajificha nyuma yangu. Njoo, Masika, njoo umwone mama."

Kikatokea kichwa. Masikio marefu kuliko alivyoyaacha. Vipembe vimeanza kuchungulia. Digidigi alikuwa amepanga maneno mengi, tangu lile gulio la kwanza alikuwa anayapanga, na sasa hakuliona hata moja.

Masika akatazama kioo, akamtazama bibi yake. "Huyu nani?"

"Si mama yako huyo?"

"Mama yuko nyumbani," akasema Masika, na akarudi nyuma ya Bibi.

Chumba kizima kilisikia. Nyani akaacha kuchapa. Digidigi akaita, "Masika!" Mtoto hakutoka. Akaita tena. Hakutoka. Jina lolote anaweza kuliita mtu yeyote, na Masika alilijua hilo.

Bi Kanga akasogea taratibu. "Mwanafunzi," akasema, "kompyuta ni za masomo tu. Hili ni somo gani?"

"Elimu ya viumbe, mama," akasema Digidigi bila kugeuka. "Mada ya uzazi."

Bi Kanga akafikiri. "Endelea," akasema.

Sasa sikilizeni. Digidigi akizaa, humficha mtoto kwenye nyasi na kwenda malishoni. Akirudi hamwiti kwa jina, maana chui naye ana masikio. Hutoa kisauti puani, kidogo, na kila mama ana cha kwake. Mtoto hukisikia akiwa amefumba macho. Hukijua kabla hajajua sura, kabla hajajua kwamba ana jina.

Digidigi akasogeza pua karibu na kioo.

"Zik," akasema. "Zik-zik."

Upande wa pili masikio yakasimama.

"Zik. Zik-zik."

Masika akatoka nyuma ya Bibi. Hakutembea kama mtoto mkubwa, alikuja kwa magoti yanayotetemeka, kama siku ile ya kwanza alipojaribu kusimama. Akaja, akaja, akaweka uso wake kwenye kioo, akanusa. Akanusa tena, anatafuta harufu. Harufu haikuwepo.

"Mama," akasema, "toka humo."

Digidigi akabandika shavu lake kwenye kioo, palepale lilipokuwa la mtoto.

"Keke-keke!" Bi Kanga akapiga kelele. "Usiguse kioo! Kioo hakiguswi!" Lakini hakumwondoa. Akasimama pembeni anapiga kelele zile chinichini, anajifuta macho kwa bawa.

Wakakaa hivyo mpaka saa ikaisha, yeye huku na mwanawe kule, na kati yao kioo chenye joto. Kengele ikalia, ngrii! Kompyuta ikazima. Digidigi akainuka ampishe mwenzake, na shavuni, chini ya jicho, pamebaki doa jeusi la kioo. Vichakani nako Masika alikuwa na la kwake. Bibi alilisugua kwa maji, kwa majivu na kwa majani, halikutoka. Mpaka leo, ukimwona digidigi, mtazame chini ya jicho, utaliona doa jeusi. Watu husema ni machozi. Waongo, ni kioo.

Basi ngano yangu imefika mlangoni, nami naitoa nje. Mwenye kusinzia akalale, mwenye kusikia akawasimulie waliosinzia.

"Na inatufunza nini?"

Inatufunza tuheshimu kanuni, wanangu. Kompyuta za chuo ni za masomo tu. Usimdanganye mkubwa wako, usimsumbue mtunza chumba, usiguse kioo. Na kama una mtu wako mbali, tulia, soma kwa bidii, wala usimkumbuke.

Haya, nani kati yenu ataweza?